Koti Jeupe na Skrubu Fupi

4 Machi

Binti yangu,

Salamu natanguliza, maana mimi nililelewa vizuri hata kama mwenyewe nimeshindwa kulea. Mimi ni mzima, magoti tu yanauma kama kawaida. Mjomba wako anakusalimu. Yeye bado hajui, ndiyo maana anakusalimu kwa furaha.

Jana alikuja yule mwalimu ninayemshonea gauni. Alikuwa huko kwenu wiki iliyopita, akaona apite duka la dawa amsalimie mfamasia wangu. Kaambiwa, "Huyo aliacha kazi tangu Januari." Kaelekezwa mtaa wa nyuma, kakukuta umelala chini ya meza, miguu nje, mikono myeusi tii, unatengeneza cherehani! Ananisimulia nami nina pini mdomoni. Nusura nizimeze zote.

Miaka mitano nimekanyaga pedali usome dawa. Nikakushonea koti jeupe, vifungo nikavirudia mara mbili visije vikadondoka mbele ya wagonjwa. Kumbe nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Ulipokuwa na miaka minane uliifungua cherehani yangu yote sakafuni, ukairudisha, skrubu moja ukaipoteza, na mtaa mzima ukakubandika jina la Skrubu. Jina hilo nimepigana nalo mpaka siku uliyohitimu. Leo umelifuata mwenyewe?

Simu usipige. Kwenye simu unanibembeleza nami nalegea. Andika, nikusome nikiwa na hasira zangu zote.

Mama yako

12 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti. Ile dawa ya kupaka, ukishapaka upumzike, usirudi kukanyaga pedali saa hiyo hiyo. Unaona, shule haijapotea yote.

Ni kweli nimeacha kazi. Kukuficha ni kosa, hapo sina la kujitetea. Ila sikuacha kwa uvivu, mama. Duka la dawa limepakana ukuta na chumba cha mafundi washonaji. Mimi nahesabu vidonge, sikio liko ukutani. Nasikia cherehani moja inakwaruza, najua ni wapi panapolia, na mikono inaniwasha. Ikawa saa ya kula navuka kwenda kuzitengeneza. Halafu siku moja nikampa bibi mmoja vidonge vya mwingine. Nilimkimbilia mpaka njia panda, nikamwahi mkononi anavyo. Nilirudi nikaandika barua ya kuacha kazi. Mtu ambaye moyo wake uko upande wa pili wa ukuta atakuja kuua mtu.

Sasa nimepata chumba changu, dirisha kubwa, meza mbili. Nataka kufungua tarehe mosi Mei. Naomba radhi zako.

Na wewe mama, cherehani yako inaumwa. Ile foronya uliyonitumia nimeikagua. Kwenye kona, kitambaa kinapokuwa kizito, mishono inaruka, nawe unarudia kushona juu yake ili isionekane. Tangu lini?

Mwanao

16 Machi

We mtoto,

Salamu leo huzipati.

Mimi nakutumia foronya ulalie, wewe unaikagua! Mimi ndiye niliyekufundisha kutunga uzi kwenye sindano! Wateja wangu wa miaka ishirini hawajaona kitu, wewe uliyekimbia kazi ndiye umeona. Mafundi watatu wameishika mashine hii, wote wameniambia imezeeka, ninunue nyingine. Wewe unaijua kwa foronya. Haya, hongera, daktari wa vyuma.

Siku hizi watu wanasema mtu afuate anachokipenda. Mjomba wako anapenda kulala, mbona hatujamfungulia ofisi?

Nirudishie koti langu. Nilimshonea mfamasia, na mfamasia simwoni. Na radhi usizisubiri, nisije nikakudanganya.

Mama yako

23 Machi

Mama,

Shikamoo.

Koti hilo hapo. Nimelifua, ila doa la mafuta kwenye mkono wa kulia limegoma. Ni la zile saa za kula. Samahani.

Umeniudhi, mama, na nakwambia. Ungesema una wasiwasi nitakula nini, ningeelewa. Unaniita daktari wa vyuma, na mwanamke wa mtaa huu aliyekuja kuchukua mashine yake akaikuta inashona tena alikaa akalia hapo hapo kwenye benchi langu. Kwenye duka la dawa sikuwahi kumfaa mtu hivyo.

Angalia mfuko wa kushoto wa koti. Kuna skrubu. Nimefikiria sana mashine yako. Ile niliyoipoteza nikiwa mdogo, uliweka nyingine mahali pake, na nakumbuka ilikuwa fupi. Inashika chuma cha chini, kile chenye ndoano inayodaka uzi. Ikilegea kidogo tu, ndoano inachelewa na mshono unaruka. Mashine haijazeeka. Mimi ndiye niliyeiharibu, na nimezunguka wiki nzima kutafuta ya saizi yake. Toa fupi, tia hii, kaza mpaka igome.

Chumba kiko tayari. Lakini bila neno lako sitafungua. Nimejaribu kuandika kibao cha mlangoni, mkono haukukubali.

Mwanao

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Karibu mwezi, kimya. Mjomba anasema u mzima, unafoka kama kawaida. Mbona mimi hunifokei? Hata tusi basi, nijue barua zinafika.

Mwenye chumba anauliza kama nafungua au nampisha mwingine. Nimemwomba angoje mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanao

25 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Magoti yamepoa, nilipaka kama ulivyosema. Usijivune.

Koti nilililoweka siku nne. Sabuni, ndimu, chumvi, kila uchawi wa mafuta niujuao. Doa limekaa pale pale linaniangalia. Nikaona nikikaa nalo hivi nitapata presha. Kwa hiyo nimelitia rangi ya bluu nzito. Nani kakwambia mtu anatengeneza cherehani na koti jeupe? Akili zako bwana! Nimeongeza mifuko miwili mirefu ya bisibisi na mmoja mdogo wenye kifuniko, wa vitu vinavyopotea. Unanielewa.

Hiyo skrubu niliitupa kwenye mkebe wa vifungo nikaapa sitaigusa. Wiki tatu. Halafu mjomba wako, na mdomo wake, akasema mbele ya wateja, "Dada, si wewe uliyetoroka masomo ya ukarani ukajificha kwa mshonaji, mama akakutafuta na fimbo?" Wateja wakacheka. Sikuwahi kukwambia. Mama yangu alikufa hajavaa nguo niliyomshonea, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaenda kwa fundi baiskeli kuazima bisibisi. Akanicheka, nikamwambia achekee kwake. Nimetoa fupi, nimetia yako, nimekaza mpaka imegoma. Miaka yote hiyo, mafundi watatu, na ni kijiskrubu!

Bado umenikasirisha. Ukimya wako wa tangu Januari sijausamehe, tutauzungumza nikija. Nakuja tarehe mosi. Nataka kiti chenye mgongo.

Radhi zangu unazo. Kibao usiandike, mwandiko wako mbaya. Nimetarizi kifuani mwa koti: FUNDI SKRUBU. Jina likishindwa kutoka, litiwe rangi livaliwe.

Na kwa kuwa wewe ni mkaguzi, kagua kona za mifuko, pale kitambaa kinapokuwa kizito. Sijarudia kushona hata moja.

Mama yako