Sajini Hakutiwa Komeo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Eldoret. Jumatano, tarehe 7 Mei 2025, saa nne na nusu asubuhi.

Jina: Johnstone Kipyego. Umri: miaka 66. Kazi: askari jela mstaafu, cheo cha koplo, kwa sasa mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Makazi: Kiplombe. Maelezo yameandikwa na Konstebo Mulongo.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja kwa hiari yangu. Nimekuja kwa ajili ya mbwa wangu anayeitwa Sajini, ambaye tangu Jumapili jioni amefungiwa ndani ya stoo iliyo nyuma ya kituo hiki, akidaiwa kuua kondoo wawili wa jirani yangu Kinuthia. Nimeambiwa kwamba kesho Alhamisi afisa wa mifugo atakuja kumdunga sindano ya kumuua. Sajini hakuua kondoo hao. Nitaeleza ninavyojua, na ninaomba Konstebo asiniharakishe, maana kuna sehemu ambayo sijamwambia mtu yeyote.

Nianze na jina. Alilitoa binti yangu Jeruto, ambaye ni mwalimu hapa mjini. Alisema kwa kuwa nilistaafu nikiwa koplo, ni haki nyumbani kuwe na mkubwa wangu wa kunipigisha gwaride. Sajini ni wa rangi ya kahawia, kifua cheupe. Aliletwa akiwa mtoto mwezi wa Machi mwaka jana, baada ya mke wangu Jepchumba kufariki mwezi wa Januari. Jeruto hakutaka nibaki peke yangu na redio.

Pamoja na mbwa alileta kreti. Ni sanduku la nyaya za chuma, lina mlango mmoja wenye komeo, na ukubwa wake unamtosha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Nilipoiona nilikasirika.

Nilimwambia, "Nimefunga watu miaka thelathini na moja. Leo unataka nifunge mbwa sebuleni kwangu?"

Akasema, "Baba, hiyo si jela. Ni bedroom yake. Weka tu hapo, uache mlango wazi, utaona."

Kwetu mbwa ni wa nje. Analala chini ya ghala la mahindi, anakula ugali uliobaki, na kazi yake ni kubweka. Kwa hiyo Jeruto alipoondoka niliipeleka kreti ghalani, nikaweka magunia juu yake. Sajini akabaki sebuleni, eti kwa muda, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na yeye alikuwa mdogo.

Siku hizo alikula kiatu changu cha kushoto cha kazi, akala mto wa kiti, akakojoa kwenye zulia kila asubuhi kama aliyeagizwa. Siku moja nikamkuta anatafuna pembe ya Biblia ya marehemu. Nilichukua fimbo. Alikimbia huku na huku akitafuta pa kujificha, hakupaona, akaishia kuingiza kichwa nyuma ya pazia, mwili wote ukabaki nje unatetemeka. Aliamini amejificha. Nilimtazama, nikaiweka fimbo chini, nikampigia Jeruto simu nikamwambia anieleze hiyo kreti inatumiwaje.

Alinieleza kwa subira, na nilifuata kama amri. Chakula kiwekwe ndani ya kreti. Blanketi iwekwe ndani. Mbwa asisukumwe, aingie mwenyewe. Mlango ufungwe kidogo kidogo akishazoea, na asiachwe humo kutwa nzima. Neno alilolikazia ni kwamba nisimpeleke humo kwa hasira hata mara moja, maana pakigeuka mahali pa adhabu hapatakuwa kwake tena. Nilifanya hivyo, isipokuwa jambo moja ambalo nitalieleza mbele.

Kwa macho yangu niliona mabadiliko. Kukojoa ndani kuliisha, kwa sababu mbwa hachafui mahali anapolala, na akitaka kutoka anakuja kuniamsha. Kutafuna vitu kuliisha pia, kwa sababu sasa alikuwa na mahali pa kulala badala ya kuzunguka akitafuta kazi. Akichoka anaingia mwenyewe, anapiga miayo, anajikunja. Kazini sikuwahi kumwona mtu akiingia chumba chenye mlango wa chuma huku akipiga miayo. Nilivuta kiti nikawa namtazama, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Hata wageni walirudi nyumbani. Mama Virginia wa kanisani anaogopa mbwa tangu utotoni, lakini siku ya maombi Sajini alikuwa anaingia kwenye kreti yake, nafunga mlango, na akina mama wanaimba mpaka mwisho. Nilipokwenda Turbo kumwona dada yangu, Sajini alisafiri nyuma ya pikapu akiwa ndani ya kreti, hakutapika wala hakuruka. Siku hiyo komeo nililitia, maana barabara ni barabara.

Watu wa Kiplombe waliiita kreti hiyo Jela ya Koplo. Kinuthia ndiye aliyeanza. Akipita kwenye ua wetu alikuwa anauliza, "Koplo, mahabusu ameamkaje?" Tulicheka. Tumekuwa majirani miaka mingi na tumeazimana kila kitu isipokuwa wake. Wote waliamini kwamba nikiondoka nyumbani natia komeo, na mimi niliwaacha waamini. Afadhali waseme askari jela hajaacha kazi kuliko waseme mzee amedekezwa na mbwa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mnamo tarehe 4 Mei 2025, siku ya Jumapili, nilirudi kutoka kanisani saa saba mchana. Nilimlisha Sajini, nikala. Yapata saa tisa kasorobo mawingu yalikuwa yameshuka na ngurumo ikaanza upande wa mjini. Sajini anaogopa ngurumo. Aliingia kwenye kreti kabla ya tone la kwanza, na mimi nikafunika kreti kwa blanketi juu na pembeni kama Jeruto alivyonifundisha, ili pawe na giza. Mara nyingi hilo linatosha.

Siku hiyo halikutosha. Ilikuwa mvua ya mawe. Yeyote anayeishi chini ya mabati anajua ile kelele, huwezi kusikia hata redio ikiwa sikioni. Sajini alikuwa anatetemeka mpaka nyaya za kreti zinalia. Nilifungua mlango, nikaingiza mkono nikamshika mgongoni. Nikiutoa anaanza tena. Nikakaa sakafuni. Baadaye nikalala kabisa sakafuni kwa ubavu, mabega na kichwa changu vikiwa ndani ya kreti, mwili wote uliobaki umeziba mlango, na yeye akaweka kichwa chake juu ya mkono wangu.

Konstebo ameniuliza kwa nini nilifanya hivyo kwa ajili ya mbwa. Sikufanya kwa ajili ya mbwa peke yake. Mvua ya namna hiyo ikinyesha, mimi na Jepchumba tulikuwa tunaacha kila kitu tunakaa tu, kwa sababu hatusikiani. Alikuwa ananifanyia ishara za mikono za kunichekesha. Tangu afariki, mvua ya mawe ikianza siwezi kukaa peke yangu kwenye sebule hiyo. Jumapili nilihitaji mtu. Mtu hakuwepo, Sajini alikuwepo. Nilimwambia mambo ya marehemu kwa Kinandi, kwa sauti, kwa kuwa hakuna ambaye angesikia. Nililia pia. Halafu sote wawili tukalala usingizi.

Niliamka mvua imeisha. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na nusu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na kichwa cha Sajini kilikuwa bado juu yake. Hakuna namna ambayo angetoka bila kunikanyaga usoni. Nilimtoa nje akojoe. Mawe yalikuwa yamejaa kwenye nyasi kama mahindi meupe yaliyomwagika, na miguu na tumbo lake vikalowa.

Tukiwa bado nje, Kinuthia alikuja kupitia ua akikimbia. Suruali yake ilikuwa na damu na alikuwa analia. Alisema, "Koplo, mbwa yako imemaliza kondoo zangu! Nimeiona na macho yangu, brown, ikiruka fence kwa mvua!" Mmoja wa kondoo hao ni yule aliyemlea kwa chupa jikoni kwake baada ya kondoo mama kufa. Namfahamu kondoo huyo, alikuwa anamfuata Kinuthia mpaka dukani. Kinuthia alimshika Sajini kwa manyoya ya shingo akamwinua. Sajini hakumng'ata. Nilimwambia, "Kinuthia, mbwa alikuwa ndani." Akasema tumbo linatiririka maji, ndani gani hiyo.

Vijana walianza kukusanyika na mawe. Walisema mbwa akishaonja kondoo haachi, auawe hapo hapo. Niliona kwamba nikibishana watampiga mbele yangu. Kwa hiyo mimi mwenyewe nilisema apelekwe polisi. Mimi mwenyewe nilimfunga kamba na kumleta hapa saa kumi na mbili na nusu, na askari wa zamu alipoonyesha stoo, mimi ndiye niliyemsukuma ndani nikavuta mlango. Alifikiri naingia naye. Nilisikia kucha zake kwenye mbao mpaka nikafika barabarani.

Leo nimeruhusiwa kumwona. Hajala tangu Jumapili. Amechafua pale pale anapolala kwa sababu hakuwa na pengine, na aliponiona hakunijia, alirudi kwenye kona akageuza uso ukutani. Jambo hilo limeniumiza kuliko maneno yote ya majirani. Mbwa huyo hachafui anapolala. Naomba iandikwe.

Jana usiku Jeruto alinipigia simu, na alikuwa analia. Alisema, "Baba, sema tu ulikuwa umefunga komeo. Si kila mtu anajua unafunga? Hiyo kesi itaisha hapo." Mama Virginia naye amesema yuko tayari kuja kushuhudia kwamba kila mara anapofika anakuta komeo limetiwa.

Konstebo ameniuliza kama komeo lilikuwa limetiwa. Jibu langu ni kwamba halikutiwa. Halijawahi kutiwa ndani ya nyumba yangu. Hili ndilo jambo moja ambalo sikumtii Jeruto. Wageni wakija nilikuwa naurudisha mlango tu, na Mama Virginia anisamehe, usalama wake wote ulikuwa heshima ya Sajini. Miaka thelathini na moja nilitia makomeo nje ya vyumba vya watu. Nilipostaafu niliahidi mbele ya mke wangu kwamba nyumbani kwetu sitatia lingine, na yeye alinishika mkono tukaombea hilo. Najua nikisema lilitiwa, mbwa wangu anaweza kurudi nyumbani leo. Nimekaa nje ya kituo hiki tangu saa moja nikilifikiria. Siwezi kumtoa kwa uongo ambao marehemu anaujua.

Kwa hiyo ushahidi nilio nao ni mwili wangu mwenyewe. Mzee wa miaka sitini na sita alikuwa amelala sakafuni, kichwa ndani ya kreti ya mbwa, analia. Najua maneno haya yatafika Kiplombe kabla yangu. Wacha yafike.

Nina ombi moja. Kinuthia aulizwe alichokishika Jumapili. Mbwa aliyekimbia kwenye mvua ya mawe analowa kuanzia mgongoni. Sajini alikuwa amelowa miguu na tumbo. Kinuthia alimshika kwa manyoya ya shingo, akayakunja mkononi. Sikumuuliza siku hiyo kwa sababu mtu mwenye damu ya kondoo wake kwenye suruali haulizwi maswali. Jibu lake lolote nitalikubali, maana simjui kuwa mwongo.

Niliyoyashuhudia yameishia hapo. Nimesomewa kwa Kiswahili ninachokielewa, nikaomba neno moja tu libadilishwe, mahali palipoandikwa "mnyama" paandikwe "Sajini". Sikushurutishwa wala sikuahidiwa kitu.

Sahihi: J. Kipyego

MAELEZO YA AFISA

Shahidi ametia sahihi mbele yangu. Alipokuwa akieleza habari za mvua sikumharakisha. Kwa idhini ya mkubwa wa kituo nimemruhusu kuleta kreti kutoka kwenye pikapu aliyokuja nayo na kuiweka uani. Saa sita mchana nilifungua stoo. Mbwa alitupita sote, akaingia kwenye kreti, akalala, na baada ya muda akala ugali na maziwa.

Saa nane nilimwita mlalamishi, Kinuthia, nikamsomea maelezo haya yote bila kuruka. Sehemu ya mvua aliomba nirudie. Nilimuuliza swali la shahidi. Akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema:

"Ilikuwa kavu. Nilijua tangu hiyo Jumapili, mkono yangu ilijua. Lakini yule kondoo nililea na chupa, afande, na nilikuwa nataka kuwe na mwenye amefanya."

Mlalamishi ameondoa malalamiko dhidi ya mbwa huyu. Afisa wa mifugo amepigiwa simu asije. Nilimwambia mlalamishi kwamba yuko huru kwenda nyumbani, lakini alitoka akaenda uani, akaketi chini kando ya shahidi.

Konstebo Mulongo
7 Mei 2025, saa tisa alasiri