Salamu Ambayo Chuo Hakikutufundisha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na mahindi ya Kwamndolwa yamesimama. Mimi mwili hauna shida. Upweke ndio unanimaliza, na nakwambia wazi kwa sababu hata nikificha utautambua kwenye mwandiko.

Uliniuliza kama Zuhura aombe ualimu wa mwaka mmoja kama mimi, au asubiri ule wa miaka miwili. Najua mdogo wangu huyo hasikii la mtu ila la dada yake. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nami sikuwa na jibu.

Faida unaiona. Niliokuwa nao sekondari wakachagua kozi ndefu bado wako bwenini, mimi nina kazi na wewe umeezekewa bati. Siku hizi kila kitu ni cha kulipia, hilo si dogo. Lakini tulipitishwa mbio mno. Somo la malezi ya mtoto tulinakili ubaoni bila kulijadili, na mazoezi ya kufundisha yakafutwa. Tukaambiwa tutajifunzia kazini. Kazini kwenyewe ni huku mbugani, mimi na mwalimu mkuu tu, naye kila Ijumaa hupanda baiskeli kwenda kwake Kwamsisi. Mpaka Jumatatu sisikii mtu akitaja jina langu.

Nilipewa darasa la kwanza, wengi wakiwa watoto wa wafugaji. Asubuhi walikuja mmoja mmoja, wakasimama mbele yangu wameinamisha vichwa, kimya. Nikadhani wanaogopa kofi. Nikawa nawanyanyua videvu, nawaambia wanitazame na waseme shikamoo kama watoto wa Korogwe. Nilijiona mwalimu mpole kweli. Wakaanza kunikwepa, madawati yakabaki wazi, nami nikajifungia chumbani kulia, nikiamini kazi imenishinda.

Ndipo akaja bibi yake Naserian, mmoja wa wanafunzi wangu. Alitembea tangu bomani kwao. Hakukaa hata nilipomkaribisha kiti.

"Mwalimu," akasema taratibu, "watoto wamekukosea nini hata unakataa salamu yao?"

Nikamuuliza ni salamu ipi. Akanieleza kwamba kwao mtoto humwinamia mkubwa, na mkubwa humwekea mkono kichwani. Asipouweka, amemkataa. Kumbe muda wote ule nilikuwa nawakataa wale watoto huku nikitabasamu.

Nikamwomba radhi. Kisha, sijui nilisukumwa na nini, nikainama mbele yake. Akaniwekea mkono, mzito, wa moto, akauacha hapo. Mama, tangu nitoke nyumbani hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Nililia mpaka yule bibi akacheka.

Watoto wamerudi. Kila asubuhi mkono wangu unajaa vumbi la vichwa vyao, na siukung'uti upesi.

Mwambie Zuhura asome ile ndefu. Nyumba haivuji tena, tunaweza kumsubiri. Haraka ilinipa kazi, ikaninyima nafasi ya kukosea mbele ya mtu wa kunirekebisha.

Nisalimie mjomba, fundi cherehani wa Manundu, na bibi mzaa baba, umwambie kikoi chake ndicho ninachojifunika. Zuhura naye asininunie.

Likizo nikija, nitainamisha kichwa pale mlangoni. Usiniulize nimedondosha nini. Weka mkono tu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi