Kwa Dobi Aliyetuachia Maneno Mawili

Leo unatimia mwaka tangu watu wa gari la wagonjwa wakutoe mlangoni kwa machela, asubuhi, pasi ikiwa bado ya moto mezani. Mkeo alikuwa amekushika mkono. Ulimtazama, ukatabasamu upande mmoja wa mdomo, ukamwimbia taratibu: "Iduratin oshek." Mlango wa gari ukafungwa. Jioni tukapigiwa simu kwamba umetutoka.

Sisi wa nyumbani kwako tunakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu mwaka mzima tumehangaika na maneno hayo mawili, na bado vichwa vimetuvurugika. Wasomaji watuwie radhi.

Ulikuwa dobi kwa miaka thelathini na mmoja. Kola ya shati uliipiga pasi kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kifungo kilichokatika ulikishona mwenyewe na hukumwambia mteja. Chai hukuwahi kuinywa ikiwa ya moto, maana uliisahau juu ya rafu ya wanga, na mkeo akakugombeza kwa maneno yale yale kila siku ya Mungu.

Na redio yako, baba! Ulizungusha kitufe mpaka ukapata stesheni ambayo hakuna mtu nyumbani anayeielewa, hapo ndipo ulipotia nanga. Ukikutana na wimbo wa Kiswahili uliuruka. Mkeo akakuuliza, "Sasa huyo anasema nini?"

"Sijui, lakini nakubaliana naye."

Siku nyingine ulimjibu kwa kirefu. "Mke wangu, huyu nikimwelewa atanipangia cha kuwaza. Nisipomwelewa, nawaza yangu." Alisema umechanganyikiwa, lakini sisi wa nyumbani tulimwona akitikisa bega jikoni kwa nyimbo zile zile.

Uliyempenda kuliko waimbaji wote ulimkuta kwenye beseni. Kaseti ilisahauliwa kwenye mfuko wa shati, ukaifua pamoja na shati. Karatasi yake ikayeyuka, mkanda ukakatika. Mwenye shati alipokuja aliitazama, akasema hata hakumbuki ilitoka wapi, ukae nayo tu. Ukaianika kwenye kamba kwa kibanio, ukaunga mkanda kwa selotepu, ukauzungusha kwa penseli. Ikaimba! Sauti ilitoka mbali, kana kwamba mwimbaji amejifunika blanketi, na ngoma zake zilivuta pumzi kwanza ndipo zikapiga.

"Wenzetu hawa wana mitindo yao," ulisema kwa heshima kubwa.

Miaka kumi na minne ulimwimbia mkeo wimbo ule kila asubuhi. Ukifika kwenye "iduratin oshek" ulinyanyua pasi juu. Yakawa maneno ya nyumbani. Tukipishana mlangoni, iduratin oshek. Tukiombana chumvi, iduratin oshek.

Baada ya mazishi mkeo akaanza kuuliza watu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama ulimuaga. Kama maneno yale ni kwaheri, basi mliachana vizuri na moyo wake utatulia. Kama ni habari za ng'ombe, basi mume wa maisha yake yote alimwacha na habari za ng'ombe.

Mfasiri wa mahakamani, yule mteja wako wa suti mbili, alifumba macho akasikiliza kaseti mara tatu.

"Hii ni lugha ya milimani," akasema.

"Milima gani?"

"Hapo, mama, siwezi kukudanganya."

Mkweo, mume wa binti yako mkubwa, akasogeza simu yake karibu na redio ili itafsiri. Simu ikafikiri, ikaandika: Karoti zimechelewa. Tulicheka, mkeo akatukasirikia, halafu akacheka kutushinda, halafu akalia. Hatukujua tumfariji au tucheke naye. Wiki nzima aliwaza zile karoti.

Mwezi uliopita redio ikaanza kutafuna mkanda. Mkeo akaipeleka kaseti kwa fundi redio wa barabara ya pili. Fundi akaifungua kwa bisibisi ndogo, akainama, akaguna.

"Mama, nani aliunga mkanda huu?"

"Mume wangu."

"Aliupindua. Mgongo umekaa mbele. Hapa unausikia upande wa pili, tena unaimba kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo."

Mkeo hakuelewa. Fundi akabandua selotepu yako, akaunyoosha mkanda, akauunga upya, akageuza kaseti na kubonyeza. Ngoma zikapiga bila kuvuta pumzi. Mwanamume akaimba kwa sauti safi, kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki hiki, akimuaga mkewe anapokwenda kazini mbali. Na kwenye kiitikio, pale pale ulipokuwa ukinyanyua pasi, akaimba: "Kesho nitarudi."

Mkeo alishika ukingo wa meza. Akaomba kalamu, akayaandika maneno yale kwenye kiganja, akayasoma kuanzia herufi ya mwisho, "sh" akiihesabu herufi moja. Yakatoka yale yale uliyomwimbia ukiwa kwenye machela.

Sasa ndiyo tumepotea kabisa. Wewe uliyeruka kila wimbo wa Kiswahili, kumbe umeimba Kiswahili miaka kumi na minne? Ulijua? Haiwezekani, ungejisifu mtaa mzima. Hukujua? Basi kwa nini, katika wimbo wote ule, ulichagua hapo? Binti yako mkubwa anasema uliimba ulichozoea, basi. Mdogo wake anasema moyo wako ulijua usichokijua wewe. Wamebishana mpaka wakanuniana, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Mkeo hakubishana na mtu. Siku ile kwa fundi alisikiliza mara ya pili mpaka mwisho, akashukuru, kisha akasema, "Sasa upindue tena. Kama ulivyokuwa."

Fundi akadhani amesikia vibaya. "Mama, si mkanda umeshapona?"

"Kwa Kiswahili mume wangu amenidanganya. Kesho za mwaka mzima nimezimaliza, hajarudi. Upindue, baba. Kwa ile lugha yake bado hajanidanganya."

Fundi akaupindua. Kaseti iko ndani ya redio, juu ya rafu ya wanga, kando ya kikombe chako. Kila asubuhi mkeo anaiwasha, na wimbo ukifika mahali pake ananyanyua pasi.

Unakumbukwa na mkeo. Na binti zako wawili, ambao tangu jana wanasemezana tena. Na mkweo wa karoti. Na dada yako mshonaji. Na wajukuu wako, wanaoombana chumvi kwa lugha yako. Unakumbukwa pia na mfasiri, ambaye bado anaitafuta ile milima. Hatujapata moyo wa kumwambia.

Tulitaka kumalizia kwa maneno yanayofunga matangazo kama haya. Mkeo akayakataa, akasema hayo huwezi kuyapenda, maana utayaelewa. Akaketi na karatasi, akayaandika upya kuanzia nyuma, kwa ajili yako:

Akubmukukatut amiad.