Mvinyo Ule Haukuwa wa Keki

Mpendwa mshauri Bi Mwanatumu, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu kwani roho yangu haitulii. Mimi ni Mwarandu wa Mtongwe, mpishi wa Wazungu hapa Likoni, na wakati wa vita nilipika katika kambi ya mateka huko bara pamoja na Mtaliani mmoja, Pietro, aliyenifunza habari za mvinyo mwekundu wa kwao, ule utoao povu kama soda lakini hauna sukari hata chembe, akaniambia, "Huu upe nyama yenye mafuta, povu litausafisha ulimi, lakini ukiuweka karibu na kitu kitamu utakuwa siki." Basi juzi bwana alipata chupa sita za mvinyo huohuo, akaalika wageni wanane, na memsabu, mkewe, akaniamuru niutoe mwisho, pamoja na keki.

Nikamwambia, "Memsabu, keki itauharibu, tuutoe na bata."

Akasema, "Mwarandu, wewe pika."

Nami, Bi, siku hiyo nilishindwa kuvumilia, nikazitia chupa katika ndoo ya maji ya barafu, nikaoka bata mpaka ngozi ikakauka na mafuta yakachuruzika, nikaumimina mvinyo bata alipofika mezani bila kumwuliza mtu. Wageni walikula, kisha mmoja wao, mzee mwenye hoteli kule kisiwani, akauliza ni nani aliyevioanisha vitu hivi vikapatana namna hii. Memsabu akacheka, "Ni mimi." Nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nikasema, "Si yeye. Ni mimi, Mwarandu."

Sasa memsabu anataka Jumatatu, wageni walewale wakirudi, nisimame niseme nilidanganya na kwamba yeye ndiye aliyenifunza, la sivyo nifungashe vyangu. Mke wangu Nyamvula ananiambia, "Sema tu, baba, maneno matupu hayavunji mfupa, watoto watakula nini?" Lakini kila nikikumbuka wale watu walivyoongeza bata na kunyoosha bilauri, kifua kinanijaa na ulimi unakataa. Niseme?

*

Mwanangu Mwarandu, marahaba. Mvinyo mimi siujui na inshallah sitaujua, lakini jikoni ndiko nilikokulia, na mpishi nikimwona namjua.

Nianze kwa kukukemea. Uliambiwa hivi ukafanya vile, kisha ukamwumbua mwenye nyumba mbele ya wageni wake. Ulikuwa na haki, adabu hukuwa nayo. Ungengoja waondoke, ukamwambia mkiwa wawili. Kwa hilo omba radhi, tena kesho, wala usiende na uso wa kununa.

Ama kusimama useme hukujua unachokijua, wallahi, usithubutu! Nyamvula anawahofia watoto, na hofu yake ni ya haki. Mweleze taratibu: leo ukikana kazi ya mikono yako, kesho utajitafutia riziki kwa kazi gani? Furaha hiyo iliyokujaa kifuani ni halali yako. Na ukiulizwa nani alikufunza, mtaje yule Mtaliani, usimfanyie uliyofanyiwa.

Yule mzee hakuuliza kwa mzaha. Mwenye hoteli hutafuta mpishi kila siku ya Mungu. Kwa hiyo kesho vaa shati safi, mwombe memsabu radhi kwa neno moja, useme uongo hutausema. Akikufukuza, usibishane na usimsengenye. Panda feri, nenda moja kwa moja kwa yule mzee, umwambie, "Nijaribu siku moja."