Kompyuta ya Buluu na Matoka ya Mpakani

Landless, Thika
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kwako Nafuna,

Leo nitakuandikia yote. Nimeapa kabla ya kushika kalamu kwamba sitaruka kitu, hata pale ambapo mkono utakataa. Ukiona mahali nimefutafuta, ujue niliandika uongo mdogo, nikarudi kuuondoa.

Hujambo lakini? Na shangazi yako hajambo? Ule mguu wake uliokuwa ukivimba umepona? Nasikia saluni yake iko karibu na Membley, na kwamba siku hizi wewe ndiwe unayeosha nywele za wateja. Natumaini maji ya Ruiru hayakatiki kama ya kwetu. Sisi tupo. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini anakusalimu. Dawati lako lilibaki tupu hadi tukafunga shule. Mwalimu Wayua alikuwa akiita jina lako kwenye rejista, anangoja kidogo, kisha anakumbuka. Leo amepita shuleni, na jioni ni yeye atakayekuletea barua hii, kwa kuwa anaishi huko, na kwa kuwa wewe uliifungia namba yangu. Sikulaumu kwa kuifungia. Ningekuwa wewe ningeifungia mapema zaidi.

Unakumbuka jinsi jambo lilivyoanza. Wakati wa likizo ya Aprili kikundi cha wenye ploti kilikutana kwetu, watu wakalalamika kwamba mawe ya mpaka yanang'olewa na karatasi zao zimechakaa. Wakakubaliana kununua kompyuta ya mkononi yenye setilaiti ndani yake, ili kila mtu arekodi kona za ploti yake. Mzee Gichuru peke yake alikataa. Alisema mpaka wake anaujua hata akifungwa macho, na wengine wakamwambia angoje basi afungwe. Baba, kwa kuwa ndiye katibu, alisimama akasema kwamba Wangechi wake anasoma kompyuta na jiografia, kwa hivyo yeye ndiye atakayechagua. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Nilihisi nimerefuka.

Tulienda dukani mjini Jumanne. Baba aliniacha na muuzaji, kijana anayeitwa Gachau, akaenda benki. Gachau aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa ya manjano, nene kama Biblia ya Mama, yenye mpira kwenye pembe, vibonyezo vikubwa na kioo kidogo. Nyingine ilikuwa ya buluu, nyembamba, kioo chake kipana hadi pembeni, na picha zake zilionekana kama unaweza kuzigusa. Emmah wa darasa letu alikuwa na kama hiyo tangu wazazi wake wahamie Membley, unakumbuka alivyokuwa akituruhusu kuishika kwa zamu, kidole kimoja tu, baada ya kupangusa mikono. Niliwaza akiniona na ile ya manjano atauliza kama nimepata kazi ya askari wa lango. Tena nilijua kwamba kompyuta ya kikundi ingekaa kwetu, kwa katibu, na jioni ingekuwa kama yangu.

Gachau alinieleza mengi kuhusu zote mbili. Nitarudi kwa maneno yake. Nipe muda kidogo.

Nilichagua ya buluu.

Ploti ya kwanza kupimwa ilikuwa yetu. Nilisimama kona ya barabarani nikabonyeza, nikatembea hadi kwenye matoka, yale maua ya mpakani kati yetu na ninyi, nikabonyeza tena, na kompyuta ikatoa upana. Karatasi ya Baba inasema futi hamsini. Kompyuta ilisema thelathini na nane. Odongo fundi wa mawe alikuwa akipita, akauliza kwa nini tusivute kamba ya kupimia, yeye anayo mfukoni. Baba akamwambia, "Odongo, setilaiti iko juu inaona Thika yote, na wewe unaniletea kamba?" Watu walicheka. Hata mimi nilicheka.

Upande wa pili mama yako alitoka kwenye banda lake la kuuzia githeri akipangusa mikono kwa leso. Alisema aliyakuta matoka pale siku aliyonunua, kwamba aliyemuuzia alimwonya maua hayo hayaguswi, na kwamba hata wakati wa kiangazi yeye huyamwagilia maji ya kuoshea mboga. Hayo ni kweli. Nimemwona mara nyingi. Matoka ni desturi yetu sisi, si ya kwao Bungoma, na yeye ndiye aliyeyatunza. Baba alimjibu kwa sauti ya upole, ile inayoumiza zaidi, kwamba mashine haijui jirani.

Siku iliyofuata aliyang'oa, mashina yote matatu, na mimi ndimi niliyeshika gunia. Jumamosi banda la mama yako likabomolewa kwa sababu nusu yake ilikuwa ndani ya zile futi kumi na mbili. Wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakila kwake wakatafuta pengine. Shule ilipofunguliwa ulinivuta kando ya bomba ukaniuliza, "Wangechi, una hakika na hicho kitu?" Nikakujibu kwamba setilaiti haidanganyi. Ukaenda kukaa na Akoth. Mwezi wa sita mama yako akashindwa kabisa kulipa karo, ukapelekwa Ruiru.

Sasa maneno ya Gachau.

Aliniambia wazi kwamba ya manjano ndiyo yenye kipokezi cha setilaiti ndani yake. Ya buluu haina. Hiyo hukisia tu mahali ulipo kwa kusikiliza Wi-Fi za majirani, na inaweza kukosea mtaa mzima. Akaongeza kwamba hata ile ya manjano hukosea hatua kadhaa, kwa hivyo ni nzuri ya kukuonyesha njia, lakini kwa mpaka wa ploti aitwe mpima ardhi. Kisha akaniuliza sisi tunataka kuifanyia kazi gani. Nikamwambia ni ya kusomea. Nilimdanganya ili anyamaze aniuzie ninayoitaka. Baba aliporudi kutoka benki aliniuliza swali moja tu, kama setilaiti iko ndani. Nikasema, "Iko ndani, Baba."

Si hayo tu. Siku ile ya kupima, nukta ya kuonyesha nilipo haikutulia. Nilikuwa nimesimama kwenye matoka, nayo ikaruka hadi zizi la Mzee Gichuru, kisha ikavuka barabara. Nilipima mara tatu, Nafuna. Mara ya kwanza ilitoa futi sitini na moja. Mara ya pili arubaini na nne. Mara ya tatu thelathini na nane, na hiyo ndiyo niliyoisoma kwa sauti, kwa sababu Baba alikuwa amefika begani kwangu na watu walikuwa wakinitazama. Sikuichagua kwa kuwachukia ninyi. Sikuwafikiria kabisa. Niliogopa tu kuonekana sijui.

Nimejaribu kutafuta neno la kujitetea hapa na nimekaa sana. Hakuna.

Wiki iliyopita nilimwomba Odongo ile kamba yake. Alishika upande mmoja bila kuuliza, nami nikashika mwingine, tukapima kutoka barabarani hadi kwenye mashimo ya matoka. Futi hamsini. Odongo aliikunja kamba taratibu akasema, "Haya, wewe umejua. Nani mwingine atajua?"

Jana, tulipotoka kanisani Kamenu, nilimwomba Mama atangulie nikamwambia Baba. Nilimwambia tukiwa njiani kwa sababu niliogopa kumwambia ndani ya nyumba. Alisimama. Akaniomba nirudie. Nikarudia, pamoja na sitini na moja na arubaini na nne. Nilikuwa tayari kwa makofi, lakini alitazama chini akasema kwamba yeye hakuniuliza mara ya pili kwa sababu jibu lilimpendeza. Kisha akasema twende, akatangulia polepole, macho bado chini. Nafuna, sijawahi kumwona baba yangu akitembea hivyo.

Alasiri ile ile alienda kwa mama yako, bado amevaa koti la kanisani. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Alimweleza kila kitu, akasema kosa la mtoto ni la kwake pia. Nami nikasema langu. Mama yako alisikiliza akiwa mlangoni. Hakutukaribisha, na hilo unajua si kawaida yake. Alisema amesikia, akarudi ndani.

Leo asubuhi Baba amepeleka kompyuta kwa mwenyekiti na kuwaambia wenzake ukweli. Mzee Gichuru hakumcheka, nilidhani atamcheka. Kikundi kitaita mpima ardhi mwenye leseni. Mimi nimeambiwa nisiishike tena, na ni haki.

Jumamosi Baba na Odongo watalijenga upya banda, pale pale lilipokuwa, hata kama mama yako hatatazama. Lakini matoka ni jambo lingine. Baba alikuwa ameyatupa nyuma ya jikoni, na yamechipuka yakiwa kwenye takataka. Alitaka kuyarudisha leo leo. Mzee Gichuru akamzuia. Alisema matoka hayapandwi na upande mmoja. Wenye ardhi zote mbili husimama, kila mmoja kwenye udongo wake, na mtu wa tatu ndiye anayeyatia shimoni wao wakitazama. Upande mmoja ukikosa, hayo ni maua tu, na kesho yeyote anaweza kuyang'oa tena. Basi yamewekwa kwenye ndoo, yamefunikwa gunia lililolowa, na Baba amemwambia mama yako kwamba atangoja Jumamosi saa nne. Bado hajajibu. Jirani mmoja anasema mama yako hawezi kusimama pale na watu wale wale waliocheka.

Sikuombi uniite rafiki. Sikuombi hata uifungue namba yangu. Ningependa urudi kwenye dawati lako muhula ujao, banda likisimama. Nimekunakilia masomo yote ya muhula uliopita kwenye madaftari mawili, pamoja na michoro ya biolojia, na yako hapa hata usiponijibu.

Msalimie sana shangazi. Mwambie avae soksi usiku, Mama anasema baridi ndiyo inayouchokoza mguu. Mama anasalimu, na Baba amesema niandike kwamba na yeye anasalimu, kama utapenda kuipokea salamu yake.

Mwalimu Wayua huja Thika kila Alhamisi kwa mazoezi ya kwaya, kwa hivyo jibu unaweza kumpa yeye, hata kama ni neno moja kwenye kipande cha karatasi. Mama yako hasikilizi mtu hapa, lakini wewe anakusikiliza. Je, utamwomba aje Jumamosi asimame upande wake?

Wangechi wa Kagwe