Moshi wa Kaka Semisi

Pangai, Tonga
3 Machi

Kwako kaka Semisi,

Joto la Sydney limepungua? Huku tu wazima. Mguu wa Mama umepona, amerudi kusuka mikeka na wenzake. Nguruwe wako mweusi amezaa, na watoto wake wamefukua mihogo ya shangazi Vika, basi shangazi hatusalimii.

Tamthilia yako imefika! Nimeitazama kwenye simu, ndani ya shuka. Ulipokuwa nyumbani, nikiingia sebuleni ulikuwa unatoka, maana kwa mila yetu kaka na dada hatutazami picha chumba kimoja. Kwenye simu hukuweza kutoka. Pale unapokaa juu ya paa, unavuta vepu, ile sigara ya umeme, na kutoa moshi polepole, nimeparudia sana. Ulionekana mpweke, lakini kama mtu asiyehitaji mtu. Upweke wangu hauko hivyo. Mchana shuleni bado nakula na kitabu.

Wavulana wa bendi ya kanisa sasa wanakaa juu ya ukuta wake wakipuliza mvuke. "Mimi Semisi!" "Semisi gani, kobe wewe!"

Dadako,
Lesieli

Sydney
29 Machi

Dada Lesieli,

Mimi mzima, nyie je? Umenichekesha na kobe. Usimwambie Mama habari za moshi. Je, tarumbeta niliyokuachia unaipuliza? Usiiache ikakauka.

Kakako,
Semisi

Pangai
20 Mei

Kaka,

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nina habari. Malia wa darasani alinipa vepu yake, ina ladha ya embe. "Haya, Bi Kitabu, vuta kama kakako!" Walicheka nilipokohoa, lakini nilikuwa nimekaa katikati yao. Sasa ninayo yangu.

Jumapili nilipiga tarumbeta peke yangu mwisho wa wimbo. Ile sauti ndefu ilikatika, sikuwa na pumzi. Kanisa zima likageuka. Nakwambia wewe tu.

Dadako,
Lesieli

Sydney
18 Agosti

Dada yangu,

Nisamehe kimya. Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana.

Kabla ya siku ile ya kwenye paa sikuwahi kuvuta chochote. Mwongozaji alinipa akasema, "Shika hii, utaonekana una mawazo." Tulirudia mpaka jua likazama. Huo utulivu ulioupenda ni kichefuchefu, Lesieli. Nilikuwa najizuia nisitapike. Leo siamki bila kuitafuta kitandani.

Tafadhali acha.

Kakako,
Semisi

Pangai
30 Agosti

Kaka,

Sikuulizi hali, umeshaniambia.

Kwetu dada akiomba, kaka hakatai. Sijawahi kukuomba kitu, hata ulipoondoka sikukuomba ubaki. Sasa naomba. Usiishike tena, mbele ya kamera wala nyuma yake. Ukiacha, nami naacha.

Dadako,
Lesieli

Sydney
21 Septemba

Dada,

Nimemwambia mwongozaji. Akacheka: "Bila moshi wewe ni kijana tu aliyekaa juu ya paa." Nikamjibu, "Ndiyo, bosi, ndivyo nilivyo." Amesema ataniita.

Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu tangu niiache silali. Msalimie Mama.

Kakako,
Semisi

Pangai
9 Februari

Kaka Semisi,

U mzima? Tangu Krismasi hujajibu, na simu yako haiiti. Mama kila jioni anaweka viazi vikuu vyako pembeni, kisha anampa nguruwe.

Sehemu mpya za tamthilia zimefika. Paa ni lile lile. Amekaa kijana mwingine, anatoa moshi polepole. Nimetazama mpaka mwisho, kila mlango, kila umati barabarani. Hupo.

Malia aliniuliza, "Mbona kakako hayumo?"

Nikamwambia, "Niliingia mimi, akatoka."

Hakuelewa. Sikai nao tena. Vepu yangu niliitupa siku ile barua yako ya Septemba ilipofika. Jumapili ile sauti ndefu ilifika mwisho, na hakuna aliyegeuka.

Niandikie hata mstari mmoja. Sasa sina pengine pa kukuona.

Dadako,
Lesieli