Soda za Watafiti

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, joto tu limezidi, na feni ya chumba changu cha kusahihishia vitabu imekufa tena. Juzi hapa kiwandani kwetu, tunakochapa vitabu, walikuja watafiti wawili, wamevaa vitambulisho vikubwa kuliko akili zao, kuchunguza hali ya wafanyakazi wenye kisukari. Meneja wetu, bingwa wa kuchekea wageni, akataka soda zao zipoe. Friji ikajaa, akatoa insulini yangu akaiacha dirishani, juani, mpaka jioni.

"Dada, dawa si maziwa, haichachi," akanijibu nilipoikuta ina joto kama chai.

Watafiti walisikia, wakaendelea kunywa. Mmoja akanipa fomu: je, mwajiri wako anajali afya yako? Meneja akasimama nyuma ya kiti changu, akisubiri kuikusanya.

Niliandika: "Sana."

Dawa nyingine kliniki watanipa wiki ijayo, kwa hiyo najidunga hiyo hiyo. Leo sukari imesoma ishirini na mbili, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Mama usimwambie.

Mwaka jana uliponyamaza mbele ya bosi wako, nilikuita mwoga, tena wanao wakisikia. Waambie nimelirudisha neno lile kwa mwenyewe.

Ni mimi, dada yako.